Mvua Tele, Mtungi Mtupu

Sisi wa pwani, ambao visima vyetu vingi vina chumvi, hudhani uhaba wa maji ni wa nchi kame tu. Kisii na Nyamira zatufundisha vingine. Milima ile hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na Mto Gucha hutiririka hadi Ziwa Viktoria. Hata hivyo, akina mama wengi bado hushuka mabondeni kuteka maji chemchemini. Chemchemi nazo zapungua, kwani kandokando yake imepandwa mikaratusi, mti unywao maji mengi. Mwaka 2009 Waziri John Michuki aliagiza ing'olewe penye vyanzo vya maji. Lakini nguzo na kuni zake ni pesa, na mingi ingalipo.

Ndugu wasomaji, tupige hesabu. Paa la bati la mita mraba 40, kwa mvua hiyo, hupokea lita 60,000 kwa mwaka. Pasipo mlizamu wala tangi, zote huenda mtaroni, na mama arudi bondeni na mtungi.

Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudd moja, maji yasiyotimia lita, nasi huuacha mfereji wazi tangu kunawa mikono hadi miguu. Basi tutawadhe kwa birika, na watoto wetu watuone.