Hidrojeni ya kuhifadhi umeme: Je, inatufaa Rungwe?

Mwaka 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani, na tangu hapo mjadala wa nishati hiyo umezidi kusikika Afrika Mashariki. Kwa wakazi wa Bulyaga na Rungwe kwa jumla, suala ni akiba ya umeme. Maziwa yakishakamuliwa yanahitaji ubaridi mapema, na umeme ukikatika kwa saa nyingi anayepata hasara ni mfugaji.

Hidrojeni inahifadhije umeme?

Umeme wa ziada kutoka kwenye jua, upepo au maporomoko hutumika kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni hushindiliwa kwenye matangi. Umeme ukihitajika, gesi hiyo hupitishwa kwenye kifaa kinachoiunganisha tena na oksijeni na kuzalisha umeme. Kilo moja ya hidrojeni huhitaji takriban lita 9 za maji safi, na maji Rungwe tunayo.

Gharama iko wapi?

Ukiweka yuniti 100 kwenye betri za lithiamu, utarudishiwa 85 hadi 90. Ukizipitisha kwenye hidrojeni, utarudishiwa 30 hadi 40 tu. Kwa hiyo, ili upate umeme uleule wa usiku, unahitaji paneli za sola zaidi ya mara mbili. Aidha, kilo moja ya gesi hiyo isiposhindiliwa hujaza zaidi ya lita 11,000. Ndiyo maana yanahitajika matangi imara, mashine ya kushindilia na mafundi wenye ujuzi maalumu.

Faida yake huonekana pale akiba inapotakiwa kukaa kwa miezi, kwa sababu betri za kiasi hicho ni ghali mno. Inafaa pia pale hidrojeni yenyewe ndiyo bidhaa, kama ya kutengenezea mbolea, jambo ambalo Kenya imelipa kipaumbele.

Mfano wa jirani

Huko Mufindi, mradi wa Mwenga ulianza mwaka 2012 kwa mtambo wa maji wa megawati 4. Baadaye ikaongezwa mitambo ya upepo ya megawati 2.4. Kiangazi mto unapopungua, upepo huzidi. Majira yenyewe yanafidiana, bila tangi la gesi.

Rungwe inaweza kufuata njia hiyo. Masika mito hujaa huku mawingu yakifunika jua. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mito hushuka na jua huwaka. Mtambo mdogo wa maji, sola na betri za saa chache vinaweza kugharimu kidogo zaidi kwa kila yuniti. Kwenye kituo cha maziwa, tangi linalogandisha barafu wakati umeme upo huhifadhi ubaridi moja kwa moja, kwa hiyo betri zinazohitajika ni chache.

Maswali ya kuuliza

Akija mtu kwenye mkutano wa kijiji au wa ushirika na mradi wa umeme mseto, aulizwe: Ni matumizi gani hayapaswi kuzimika, na kwa saa ngapi? Yuniti moja itagharimu shilingi ngapi ukijumlisha ununuzi, matengenezo na vipuri kwa maisha yote ya mtambo? Ukiharibika, fundi atatoka wapi? Mwenye mradi wa hidrojeni akijibu vizuri, asikilizwe. Akishindwa, fedha za wanachama zibaki kwenye akaunti.