Anayesema anajua kuogelea apimwe

Kila inapokaribia Idi au Krismasi, polisi wa Dar es Salaam huwaonya wazazi wasiwaachie watoto kwenda ufukweni peke yao. Onyo hilo ni la haki, ila linagusa upande mmoja tu wa msiba. Miongoni mwa wanaozama wamo vijana wa miaka ishirini na kitu, wenye afya na nguvu, ambao hakuna mzazi wa kuwashika mkono. Wao huingia majini wakiamini kwamba wanajua kuogelea.

Imani hiyo haijapimwa na mtu. Wengi wamejifunzia kwenye maji ya kifuani, katika bwawa la hoteli au ukingoni mwa ziwa, mahali ambapo mguu ukichoka unagusa chini. Aliyevuka bwawa mara mbili mbele ya wenzake huhesabiwa muogeleaji. Bahari ina masharti mengine. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Palipokuwa na kina cha goti saa nne asubuhi, saa kumi jioni mguu haufiki chini. Mkondo unaorudi baharini nao humvuta mtu nje. Asiyeujua hupigana nao uso kwa uso hadi pumzi zimwishe, ilhali angeogelea sambamba na ufuko angetoka ndani yake. Rafiki anayejirusha kumwokoa huwa na imani ileile, na si mara moja familia mbili zimezika kwa ajali moja.

Mwaka 2014 Msalaba Mwekundu wa Marekani uliwahoji watu wazima wa nchi hiyo. Asilimia 80 walisema wanajua kuogelea. Kati ya hao, asilimia 56 tu ndio waliosema wanamudu mambo matano ya msingi: kuruka kwenye maji yanayozidi kimo, kuibuka na kuelea kwa dakika moja, kugeuka mzunguko mzima kutafuta pa kutokea, kuogelea mita 23 hivi, na kupanda nje bila ngazi. Hayo ni majibu ya mdomoni, katika nchi yenye mabwawa ya umma na walimu wa kutosha. Hapa kwetu hata swali lenyewe haliulizwi.

MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na MV Nyerere mwaka 2018, serikali iliunda tume. Anayezama peke yake hana tume. Mwili huopolewa, polisi huthibitisha kifo, jamaa huzika, na kesho yake muziki unapigwa kwenye ufuko uleule. Haulizwi aliyekusanya ushuru wa biashara za ufukweni, wala aliyeuza pombe hatua chache kutoka kwenye maji, wala aliyepaswa kuweka mwokoaji zamu. Uzembe huu una wenyewe, na marehemu hawezi kubebeshwa lawama yote.

Halmashauri zenye fukwe zinazotoza ushuru ziajiri waokoaji kwa fedha hizohizo, na zisitoe leseni kwa biashara ya ufukweni isiyo na boya, kamba na bango linaloonyesha saa za maji kujaa na kupwa. Vyuo vinavyopeleka wanafunzi matembezi ya baharini au ziwani viwapime kwanza kwa mambo matano yaliyotajwa, kwenye bwawa na mbele ya mwalimu. Atakayeshindwa avae jaketi la kujiokolea au abaki nchi kavu, hata akiwa nahodha wa timu ya mpira.

Umoja wa Mataifa ulitenga Julai 25, kuanzia 2021, kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Kabla ya siku hiyo kufika tena, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litangaze idadi ya waliozama kwa kila ufuko na umri wao, na kila halmashauri itaje jina la ofisa anayewajibika kwa ufuko wake.