Eneo Lisiishie Ubaoni

Mwanafunzi yeyote wa skuli zetu za msingi, Unguja na Pemba, ukimuuliza namna ya kupata eneo la mstatili, hukujibu bila ya kusita kwamba ni urefu mara upana. Jibu ni sahihi, na mwalimu aliyemfundisha anastahiki shukurani. Lakini mtoe mwanafunzi huyo nje, umkabidhi kamba, umtake akueleze ukubwa wa kiwanja cha skuli yake. Tunachelea kwamba wengi watasimama wasijue pa kuanzia. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba walichokipata ni maneno, elimu yenyewe ingali ubaoni.

Jambo hili si dogo kwa watu wa visiwani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na ardhi yetu yote ni kilomita za mraba 2,460 hivi. Lau ingegawanywa sawasawa, pamoja na barabara, misitu na maweni, kila mtu angepata mita za mraba 1,300 tu, yaani pungufu ya theluthi ya eka. Familia zilizogaiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 zilipata kila moja mita za mraba zipatazo 12,140. Waliogaiwa wameacha watoto na wajukuu, na leo kila hatua ya ardhi ina thamani yake. Palipo na ardhi finyu, asiyejua kupima hana budi kumwamini anayempimia.

Tutoe mifano miwili. Ndugu wawili wanagawana ardhi kwa kuizungushia kamba. Mmoja anapewa kipande cha mita 20 kwa 20, mwenziwe cha mita 35 kwa 5. Kamba ni ile ile ya mita 80, nao wanapeana mikono kwa kudhani wamepata sawa. Kumbe wa kwanza ana mita za mraba 400 na wa pili ana 175. Waliupima mzingo wakadhani wamelipima eneo, na tofauti ya mambo hayo mawili ni somo la skuli ya msingi.

Mfano wa pili ni wa kiwanja cha msambamba. Kitako chake ni mita 40, na ubavu wake wa mshazari ni mita 30. Mwenye haraka huzidisha 40 kwa 30 akapata 1,200. Lakini kinachotakiwa ni kimo, yaani umbali ulionyooka baina ya pande mbili zilizo sambamba, na kimo hicho ni mita 24. Eneo la kweli ni mita za mraba 960. Mita 240 zilizobaki, ambazo ni sehemu moja katika tano, hazimo duniani, ila mtu huweza kuzilipia.

Kwa maoni yetu, dawa ya kasoro hii haina gharama kubwa. Mtoto na achorewe sakafuni mraba wa mita moja kila upande, aone kwa macho yake kwamba ndani yake mnaingia miraba midogo ya sentimita moja ipatayo 10,000, wala si 100 kama wengi wanavyodhani. Apewe karatasi ya mstatili aikate kutoka pembe hadi pembe, avipandanishe vipande viwili, ajue kwa nini eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Autazame mkeka wa bibi yake, namna ukili unavyoshonwa ubavu kwa ubavu hadi upana ukatimia, naye atafahamu maana ya kuzidisha urefu kwa upana. Kisha atoke nje na wenziwe, wapige vigingi, wavute kamba, wapime.

Tunafahamu kwamba walimu wetu wanafundisha madarasa yaliyojaa, na kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani haungoji. Hatuwalaumu. Mwalimu hufundisha kile ambacho mtihani utauliza, na maadamu mtihani unauliza kanuni peke yake, kanuni peke yake ndiyo itakayokaririwa.

Kwa hivyo tunatoa wito kwa wahusika. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ihakikishe kwamba kila skuli ya msingi ina futikamba ndefu na kamba za kupimia. Watungaji wa mitihani waweke maswali yanayotenganisha mzingo na eneo, ubavu na kimo. Wapima ardhi wanapofika katika shehia kufanya kazi yao, sheha na mwalimu mkuu wapatane ili wanafunzi waende kutazama. Nao wazazi, siku ya kupima kiwanja, wasiwafukuze watoto. Wawape ncha moja ya kamba waishike.

Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Ardhi ndiyo mali yetu isiyoongezeka, na daftari lake ni hesabu. Tuwafundishe watoto wetu kuisoma hesabu hiyo wangali wadogo, ili kesho wagawane kwa haki na wabaki ndugu.