Umecheza viwanja vinne vya gofu Pwani. Kedi wako anaitwa nani?

Kila Desemba ni sinema ile ile. Msee anashuka Mombasa na treni ya SGR, mfuko wa gofu begani, na kabla siku tano ziishe amecheza Mombasa, Nyali, Diani na Vipingo. Picha nne, bahari nyuma, kofia nyeupe. Sawa, zimeweza. Lakini nina swali moja tu: kedi aliyekubebea mfuko kwenye mashimo yote hayo anaitwa nani?

Kimya, siyo?

Kabla mnirukie: sina ubaya na gofu. Viwanja vyenyewe ni vikali. Klabu ya Mombasa ilianza 1911, iko pale ukingoni karibu na Mama Ngina, mashimo 9 tu, na ukipiga vibaya mpira unaenda kwa samaki. Ukivuka feri ya Likoni unafika Diani, mashimo 18, na nyani wanakuangalia kama wazee wa kamati. Vipingo, kule Kilifi, ndio waliokuwa wenyeji wa Magical Kenya Ladies Open. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda ile ya kwanza 2019, Aditi Ashok wa India akashinda 2023, Shannon Tan wa Singapore 2024. Yaani dunia nzima inakuja Kilifi kucheza. Na kijana wa Kilifi, yeye anakuja kufanya nini?

Anabeba.

Anabeba mfuko saa nne hivi, juani, zaidi ya kilomita nane. Na si kubeba tu. Huyo ndiye anakuambia leo kaskazi inavuma, piga kushoto kidogo. Ndiye anajua nyasi ya shimo la saba inateremkia wapi. Ndiye ameona mpira wako umeingia kichakani ukadhani umepotea. Kusi ikiingia na mvua ya Mei imenyesha, wageni hawapo, na yeye hulipwa kwa raundi. Mchezaji asipokuja, siku imeenda bure. Wewe unaita hiyo likizo, yeye anaiita msimu.

Halafu mtu atakuja kuniambia, "Lakini gofu inaleta kazi Pwani." Kazi gani, bro? Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa niambie, mwenyeji anayesubiri getini toka alfajiri bila kujua kama leo atapata mfuko, amepona wapi?

Kuna geti moja nilifika na marafiki, viatu safi, pesa ya kucheza iko. Askari akaniangalia mimi peke yangu akauliza, "Umekuja kubeba?" Sikukasirikia kazi ya kubeba. Kilichoniuma ni kwamba kwa akili yake, sura kama yangu kwenye ile nyasi ina sababu moja tu ya kuwepo. Na hakujifundisha hayo peke yake. Ndivyo mambo yamepangwa pale miaka yote.

Sasa tuongee hasara. Kenya Open ilianza 1967. Mpaka leo hakuna Mkenya amewahi kuishinda. Kila mwaka tunauliza shida ni nini, na jibu liko pale kando ya shimo limeshika mfuko. Maprofeshenali wetu wengi walianza kama makedi. Walijifunza kwa macho, kwa fimbo za kuokota na mipira iliyotupwa. Kama hao walifika mbali hivyo kwa mabaki, wangefika wapi wakifunzwa?

"Lakini viwanja ni mali ya watu binafsi." Ndiyo, nyasi ni yao. Lakini upepo, mibuyu na ile bahari kwenye picha zao za matangazo si yao. Wanauza Pwani kila siku. Wapwani kudai wacheze kidogo si kuomba msaada.

Kuna klabu zinazowapa makedi siku yao ya kucheza. Hongera, kweli. Iwe kila klabu. Waongeze mambo mawili yasiyo magumu: bei ya kedi ibandikwe ukutani ili asipunjwe na mtu yeyote, na mchana mmoja kwa wiki watoto wa shule za jirani wafunguliwe geti, wapewe fimbo za zamani na mtu wa kuwafunza. Siku za katikati ya wiki uwanja huwa mtupu hata hivyo.

Na wewe wa likizo, usidhani umepona. Uliza jina kabla ya shimo la kwanza. Ukimaliza, mpe bakshishi mkononi au kwa M-Pesa kabla hujafika baa, maana bei ya bia mbili unaiona ndogo ukinunua na kubwa ukimlipa mtu. Na kama alikusaidia ukacheza vizuri, muombe ruhusa umweke kwenye picha pia. Hiyo alama si yako peke yako.

Ukicheza viwanja vinne na hujui jina la mwenyeji hata mmoja, usituambie umetembea Pwani. Umetembelea nyasi.

Kama unabisha, leta hoja. Matusi peleka kwingine.