Hiari ya Mfungwa na Pembe za Fahali

Wahenga walinena kuwa hiari yashinda utumwa. Neno hilo ni la kweli, lakini hiari yenyewe haina budi kupimwa kwa makini zaidi inapotolewa na mtu aliye kifungoni.

Katika jimbo la Louisiana, nchini Marekani, liko gereza kubwa liitwalo Angola. Zamani mahali hapo palikuwa shamba la watumwa, nalo lilipewa jina la nchi ya Afrika walikotoka watumwa hao. Tangu mwaka 1965 wafungwa wa gereza hilo hushiriki rodeo, yaani mashindano ya kupanda farasi wakali na kupambana na fahali. Mwaka 1967 milango ilifunguliwa kwa watazamaji, ambao leo hulipa kiingilio na kujaa kwa maelfu.

Katika mchezo mmojawapo, wafungwa wanne huketi kuzunguka meza kana kwamba wanacheza karata. Kisha fahali hufunguliwa. Atakayebaki kitini wenzake wakiwa wamekimbia au wamerushwa, ndiye mshindi, naye hupewa fedha. Washiriki wengi huingia uwanjani bila mafunzo yoyote.

Watetezi wa mashindano hayo husema kuwa hakuna anayelazimishwa, na kwamba mapato husaidia elimu na huduma nyingine za wafungwa. Hoja hizo si za kupuuzwa. Kumkataza mfungwa kila jambo la hatari ni kumfanya mtoto, na mwenye kifungo cha maisha hana siku nyingi za kushangiliwa.

Hata hivyo, ridhaa hupimwa kwa kutazama ni njia gani nyingine alizo nazo mwenye kuitoa. Mfungwa wa Angola hulipwa senti chache tu za dola kwa saa moja ya kazi. Zawadi ya siku moja uwanjani yaweza kupita ujira wake wa miezi mingi. Saini inayotiwa katika hali hiyo ni saini ya mhitaji.

Yafaa kulinganisha na Thailand. Huko Amnat Ruenroeng alijifunza ngumi akiwa gerezani, akaiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na mwaka 2014 akawa bingwa wa dunia. Ngumi nazo huumiza, tena huweza kuua. Lakini zina mwalimu, mwamuzi, na ufundi ambao mtu hutoka nao siku anapofunguliwa. Penye ile meza ya karata hakuna ufundi. Hatari ndiyo bidhaa inayouzwa. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaeleza kuwa kumnyima mtu uhuru wake ni mateso tayari, na magereza hayapaswi kuyazidisha. Basi wenye dhamana ya magereza, popote walipo, wajiulize: Je, mfungwa amefundishwa mchezo huo? Je, akikataa atapoteza chochote? Je, mchezo ungebaki kuwa mchezo kama watazamaji wasingekuwapo?

Pasipo majibu ya kuridhisha, mchezo huo ni adhabu ya pili. Mahakama ilihukumu kifungo. Haikuhukumu pembe za fahali.