KWA JAMAA YETU: Kitu cha kuchezea kitunzwe kama mwiko



Katika jamaa nyingi za kwetu baba au kaka huchonga kwa mkono wake motokari ya mti, pia, au mwanasesere. Huko Goma watoto hujitengenezea chukudu ndogo kwa kuwaiga wakubwa. Kazi hiyo ni njema, nasi tunaisifu. Lakini mara nyingi kitu hicho kikiisha kutolewa, hakuna anayekiangalia tena. Usiku kinalala uani pamoja na kuku. Asubuhi mtoto mchanga anakiokota na kukitia kinywani.

Je, mama gani atasonga ugali kwa mwiko uliolala uani? Basi shauri letu la leo ni hili moja: kitu aingizacho mtoto kinywani kitunzwe kama mwiko. Uchafu wa uani huweza kuwa na mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara, navyo havionekani kwa macho.

Kusafisha. Mti si bati. Mti hunywa maji. Ukilazwa katika beseni huvimba, ukianikwa juani husinyaa na kupasuka, na uchafu hujificha katika nyufa. Kwa hiyo chovyeni kitambaa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, mkikamue sana, mpanguse kitu chote, hata nyuma ya magurudumu. Pangusieni tena maji safi, mkikaushe kwa kitambaa kikavu, kisha mkiweke kivulini penye upepo. Mara moja kwa juma yatosha. Lakini mtoto mmoja akihara, visafishwe siku ile ile, kabla wenzake hawajavishika.

Kutunza. Pitisheni kidole juu ya mti. Penye vibanzi psugueni kwa msasa. Mafundi wa kale walitumia majani ya mti wa msasa, na hata leo yanafaa. Msumari uliochomoza upigwe ndani. Gurudumu dogo lililolegea likazwe, maana mtoto aweza kulimeza na kupaliwa. Mwisho pakeni nta ya nyuki kidogo, mkisugua kwa kitambaa kikavu. Nta huzuia maji yasiingie upesi. Mafuta ya kupikia yaacheni, kwa kuwa huchacha na kunuka.

Kujihadhari. Wengine hupaka mafuta machafu ya motokari ili kufukuza mchwa. Haifai hata kidogo: yana sumu. Tena rangi ya zamani inayobambuka huweza kuwa na risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Marekani ilikataza rangi ya namna hiyo katika nyumba na vitu vya kuchezea mwaka 1978, lakini katika nchi kadha wa kadha ingali inauzwa. Kitu chenye rangi ya mashaka kiondolewe. Msikisugue kwa msasa wala msikichome jikoni, kwa sababu vumbi lake na moshi wake hudhuru zaidi. Afadhali baba achonge kingine, akiache bila rangi.

Labda mtu atasema: ni mchezo wa watoto tu! La, hasha. Mtoto aliyezoea kupangusa motokari yake atajua kesho kutunza jembe, baiskeli na kitabu. Udongo uwahi ungali maji. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya seremala. Basi kila Jumamosi jioni, nguo za Misa zikiisha kutayarishwa, waiteni watoto, kila mmoja na kitambaa chake, mfanye kazi hii pamoja nao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya kutunza mikeka na mablanketi ya watoto.