Kijiti kilichokatwa hakisemi: tuangalie majani kabla ya kugawiana

Mvua imerudi. Kule Ulaya, miezi ya 9 mpaka 11 ni wakati majani yanaanguka, na wenye bustani wanafunika mimea yao wakingoja baridi. Kwetu iko kinyume. Sezoni B imefunguka: mpunga na mahindi yameingia udongoni, karanga zinangoja palizi ya kwanza, na kila siku mtu anapita njiani na fungu la miti ya mihogo kichwani ao juu ya kinga. Ni juu ya fungu hilo ninataka kuongea leo.

Kila mwaka jarida letu linawakumbusha tarehe za kupanda, nafasi kati ya mistari, na kukausha mavuno vizuri. Ni sawa. Lakini kuna kazi moja tunayoifanya wote bila kuiandika popote: kugawiana mbegu. Mama anamuomba jirani miti ya mihogo, kaka anampa shemeji watoto wawili wa makemba, mjomba anatoka ng'ambo ya mto na zawadi katika mtumbwi. Wazo langu ni hili: kazi hiyo ndiyo itaamua kama tutakula vizuri mwaka kesho na mwaka wa pili, na koperative inapaswa kuiwekea kanuni sasa, si siku mihogo itakapokuwa imeharibika.

Desturi nzuri, mzigo mubaya

Sisemi tuache kugawiana. Tungeacha, tungekufa njaa. Hakuna duka Yanonge linalouza miti ya mihogo. Duka letu ni jirani. Mbegu ya mahindi unaweza kuinunua, ya mboga vilevile, lakini muhogo na ndizi tunavipata kwa kupeana. Na kupeana kunajenga undugu. Wote tunajua hivyo.

Shida ni hii: muhogo na ndizi havipandwi kwa punje. Tunapanda kipande cha mmea mzee, na kipande hicho kinabeba kila kitu kilichokuwa ndani ya mama yake, uzuri wake na ugonjwa wake. Ukipanda kijiti cha muhogo wenye mozaiki, mmea mpya unaota ukiwa mgonjwa tayari. Majani ya kwanza kabisa yanatoka yamekunjamana, yana madoa ya kijani na manjano. Kuna pia vinzi vyeupe vidogo, vinavyokaa chini ya majani na kubeba ugonjwa huo kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Ukiona majani ya chini ni mazima na ya juu tu yamekunjamana, ujue ni vinzi vilivyoleta. Ukiona mmea ni mgonjwa toka chini mpaka juu, ugonjwa ulifika pamoja na kijiti. Ni sisi wenyewe tuliuleta, kichwani ao juu ya kinga.

Mozaiki haikuanza jana. Iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika inchi ambayo leo ni Tanzania. Mwisho wa miaka ya 1980 ilitokea Uganda katika sura kali zaidi, na katika miaka ya 1990 kuna sehemu za Uganda ambako wakulima waliacha kabisa kulima muhogo, na njaa iliingia. Walitoka katika shida hiyo kwa kupanda aina zenye nguvu na kwa kuchagua vijiti vizima.

Kwa ndizi, hatuhitaji kwenda mbali hata kidogo. Ugonjwa unaofunga majani ya ndizi juu kama fungu la ufagio ulionekana katika inchi yetu mwaka 1958, na mahali ulipoonekana ni Yangambi, ng'ambo ya mto, palepale pa utafiti. Mnaujua: mgomba unakaa mfupi, majani yanasimama wima, membamba, kando zake za manjano, na mkungu hautoki ao unatoka mdogo usiofaa. Ukiangalia vizuri shina la jani, unaona vimstari na vitone vya kijani nzito. Dawa yake haiko. Vidudu vidogo vya rangi ya kahawia, vinavyojificha chini ya mikono ya majani, vinaueneza kidogo kidogo. Lakini sisi tunaueneza haraka kuliko vidudu, maana kidudu hakivuki mto Kongo na watoto kumi wa makemba katika mtumbwi.

Na mjue jambo moja linalodanganya wengi. Shina la ndizi likiwa na mmea mmoja mgonjwa, watoto wote wa shina hilo ni wa kushuku, hata wale wanaoonekana wazima leo. Alama zinaweza kukawia wiki nyingi kabla ya kutokea. Kuwatia katika maji ya moto kunaua vidudu vya kutoboa na minyoo ya mizizi, ndiyo, lakini hakuondoi ugonjwa huu.

Kwa nini ni sasa

Kijiti kikishakatwa hakisemi kitu. Mkiweka mafungu mawili pembeni ya njia, moja la mihogo mizima na moja la mihogo yenye mozaiki, hata mimi agronome sitawaambia lipi ni lipi. Ni jani linalosema. Na majani yako shambani leo. Kwa hiyo ukaguzi unafanyika wakati mmea umesimama, si siku ya kugawiana.

Kuna jambo lingine nimeliona katika mashamba mengi, na linanisumbua. Tunapovuna muhogo, tunang'oa kwanza mimea mikubwa, yenye mizizi mizuri, maana ndiyo inayoleta franka Kisangani. Miti yake tunaitupa, kwa sababu siku hiyo hatukuwa na shamba tayari. Mimea midogo, ile dhaifu, tunaiacha isimame. Inakuja siku ya kupanda, tunakimbia kutafuta miti, tunakuta nini? Wale wadogo waliobaki. Hivyo kila sezoni tunakula wazima na kupanda wagonjwa. Baadaye tunasema udongo umechoka. Udongo unaweza kuwa umechoka kweli, lakini mara nyingi mbegu imechoka kabla yake.

Ni vilevile kwa lengalenga: tunakata mimea mizuri kwa soko, na ile iliyobaki kwa bahati ndiyo inatoa maua na mbegu. Mkulima mwenye busara anachagua mama wa mbegu mapema, na anamwacha hata kama franka inamwita.

Wanaosema hapana

Najua majibu nitakayoyapata, maana nimeshayasikia.

Wa kwanza anasema: muhogo wenye mozaiki unazaa tu. Ni kweli, unazaa. Lakini unazaa kidogo kuliko ungeweza, na wewe umetoa jasho lilelile la kufyeka, kuchoma na kupalilia. Na unapoona mavuno yamepungua unafanya nini? Unafungua pori jipya, mbali zaidi, na wamama wanatembea na mzigo njia ndefu zaidi. Kijiti kibaya kinatusukuma katika pori.

Wa pili anasema: ni haya kukagua zawadi ya ndugu. Hapo ninaelewa. Mtu akikupa kitu, huanzi kumuuliza kama ni kizima. Ndiyo maana ninataka kanuni iwe ya koperative, isiwe ya mtu mmoja. Kama mkutano mkuu umeamua kwamba mashamba yanakaguliwa mwezi wa 9 na wa 10, hakuna aliyemtukana mwenzake. Unasema tu: "Mama, asante, ila unajua kanuni yetu." Kanuni inachukua haya hiyo begani mwake.

Wa tatu anasema: tungoje, mradi utaleta miti mizuri. Ninafanya kazi na miradi, basi niruhusiwe kusema wazi. Aina nzuri ziko. INERA na washirika wake wametoa nyingi katika inchi yetu. Obama na Disanka ni majina ambayo wengi wenu mmeyasikia. Lakini mradi unakuja na unarudi. Ukileta fungu la miti leo, na miti hiyo ikachanganywa shambani na ile ya zamani bila kuangaliwa, baada ya sezoni chache hamtajua tena ipi ni ipi. Tena aina yenye nguvu mbele ya mozaiki haina nguvu mbele ya kila ugonjwa. Upande wa mashariki mwa inchi kuna ugonjwa mwingine unaoozesha mizizi ndani huku majani yakionekana karibu mazuri. Kwa hiyo hata muhogo wa mradi unahitaji macho yenu.

Ninachopendekeza

Mambo matatu, na hakuna hata moja linaloomba pesa kutoka nje.

La kwanza, kikundi cha macho. Kila kijiji kichague watu wanne wa kupita katika mashamba ya wanachama, asubuhi moja kwa kila kundi la mashamba. Ninaomba walau wawili wawe wamama. Sababu ni ya kazi yenyewe: wao ndio wanaochuma sombe karibu kila siku, na mama hachumi jani lililokunjamana. Anajua tayari mmea gani ni mgonjwa, ila hakuna aliyemuuliza. Mimea mizima ifungwe kamba ao kipande cha kitambaa kwenye shina, na isichumwe majani mengi mpaka siku ya kukata. Shina la ndizi lenye ugonjwa ling'olewe lote pamoja na watoto wake, baada ya kumwagia maji ya sabuni ili vidudu visiruke kwenda kwa jirani, kisha lipasuliwe vipande vidogo likauke.

La pili, shamba la miti la koperative. Tufanye hesabu. Are 10 tu, mmea mmoja kila meta 1, ni mimea 1000. Mmea mzima uliokomaa unaweza kutoa vijiti kama 10. Hivyo baada ya mwaka mmoja tuna vijiti 10.000, vinavyotosha kupanda hektari 1. Koperative yenye wanachama 40 inampa kila mmoja vijiti 250. Ni kidogo? Mwaka unaofuata, vijiti 250 hivyo vinakuwa 2.500, na mwanachama anapanda are 25 kwa mbegu yake safi. Shamba hilo liwe mbali na mihogo migonjwa, na katika miezi 3 ya kwanza kila mmea wenye mozaiki uchomolewe bila huruma. Kazi yake tuifanye kama likelemba: leo kundi hili, wiki kesho lile, na anayekosa anajulikana.

La tatu, kanuni iandikwe. Isibaki katika midomo. Iingie katika sheria za ndani za koperative: mwanachama hagawi wala hapokei miti ya mihogo ao watoto wa ndizi kutoka shamba lisilokaguliwa. Anayevunja asifukuzwe, hatutafuti vita. Apewe siku mbili za kazi katika shamba la miti. Atajifunza hapo.

Kazi za miezi hii

Ili wazo hili lisibaki maneno, liweke pamoja na kazi nyingine za sezoni.

Mwezi wa 9: ukaguzi na kufunga kamba, palizi ya kwanza ya mpunga na mahindi, kutayarisha are 10 za koperative.

Mwezi wa 10: kukata vijiti kwenye mimea yenye kamba tu, sehemu ya katikati ya shina lililokomaa, sentimeta 20 mpaka 25, na kuingiza muhogo katika mpunga ao mahindi. Miti isiyopandwa siku hiyo isimamishwe kivulini, isilazwe juani. Na wale wenye mboga kando ya mto wakumbuke: maji yanapanda kuanzia mwezi huu mpaka wa 12. Pepinyeri ihame juu, na lengalenga la chini livunwe mapema.

Mwezi wa 11: kupita mara ya pili katika shamba la miti na kuchomoa wagonjwa. Kupanda watoto wa makemba kutoka mashina yaliyokaguliwa.

Mwezi wa 12: maandalizi ya mavuno ya mpunga. Kila mmoja achague sehemu bora ya shamba kwa mbegu kabla ya kuvuna iliyobaki. Maji yakishuka mwezi wa 1 na wa 2, udongo ambao mto umeacha utakuwa tayari kwa mboga.

Katika mkutano unaokuja nitaomba jambo hili liwekwe mbele ya mengine, hata mbele ya mambo ya usafirishaji. Balenieri inaweza kukawia wiki moja na bado tutauza. Lakini kijiti kibaya kinakaa shambani mwaka mzima, na mwaka unaofuata kinakuwa vijiti kumi vibaya. Tukipita mashambani mwezi huu, wakati majani yangali yanasema, tutaweza kuendelea kupeana kama wazee wetu walivyotufundisha, na anayepokea atapokea chakula kweli.